Hamoud bin Mohammed na Sheria ya Mwaka 1897

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalijua jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed kwa kuwa aliwatawala wazee wao. Sisi wa Chiola, Nachingwea, linatuhusu pia, kwani wengi wa waliotumikishwa katika mashamba ya karafuu ya visiwani walitoka pande hizi za kusini, wakapitishwa Kilwa na kuvushwa bahari.

Hamoud, mjukuu wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1853. Sayyid Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alijitwalia jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye manowari zao zililipiga mizinga jumba hilo kwa muda usiotimia saa moja, mamia ya watu wakauawa au kujeruhiwa, na Hamoud akatawazwa siku ile ile. Alikalia kiti cha kupewa, akawa chini ya waliompa.

Tarehe 6 Aprili 1897 alitoa amri iliyoondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Hilo lilikuwa jambo kubwa, wala hatumnyimi haki yake. Walakini hatuna budi kuitazama amri yenyewe ilivyokuwa. Mtumwa alipaswa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Bwana aliyethibitisha hasara alilipwa fidia na serikali. Mtumwa aliyetoka jasho miaka yote bila ya ujira hakufidiwa kitu. Aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe makao na njia ya riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria nao waliwekwa kando, isipokuwa aliyeweza kuthibitisha ukatili.

Mizani ya namna hii ni ya kale. Hammurabi, mfalme wa Babeli miaka ipatayo 3,750 iliyopita, aliamuru kwamba muungwana akimtoboa jicho muungwana mwenzake, naye atobolewe lake. Akimtoboa mtu wa tabaka la chini, alipe fedha. Akimtoboa mtumwa wa mtu, alipe nusu ya bei yake. Jicho ni lile lile, thamani ilifuata tabaka.

Hamoud alifariki tarehe 18 Julai 1902. Masuria walisubiri hadi mwaka 1909, sheria nyingine ilipoumaliza utumwa uliobaki.

Fundisho lake linawahusu hasa watumishi wa serikali. Sheria inayomfuata mwenye mali nyumbani kumlipa, lakini ikamngoja mnyonge afunge safari kuiomba, imetenda nusu ya haki. Mkulima aliyedhulumiwa shamba, asiye na nauli ya kufika mahakamani wala ajuaye kuandika madai, haki yake ingali karatasini. Kazi ya ofisa ni kumfikia huko aliko.