Carl Linnaeus: Mtu Aliyempa Mbwa Mwitu Jina

Mwanafunzi, kabla hujaanza maswali ya uainishaji wa viumbe, fanya jaribio dogo. Mwulize jirani yako wa dawati akueleze mbwa mwitu ni mnyama wa namna gani. Kama amewahi kuwaona katika hifadhi zetu za kusini, atakueleza mnyama mwembamba mwenye mabaka meusi, meupe na ya njano, na masikio makubwa ya mviringo. Kama amewajua kupitia hadithi za watoto zilizotoka Ulaya, atakueleza mnyama wa kijivu anayebweka kwenye misitu ya theluji. Wote wawili watakuwa wamejibu sawasawa, kwa sababu Kiswahili kinawaita wanyama hao kwa jina moja. Lakini wa kwanza ni Lycaon pictus na wa pili ni Canis lupus, na hata jenasi zao ni tofauti. Katika sehemu hii, nikisema mbwa mwitu bila kuongeza neno, namaanisha huyo wa pili.

Matata ya namna hiyo, yaani jina moja kwa wanyama wawili au mnyama mmoja mwenye majina ishirini, ndiyo yaliyomshughulisha Carl Linnaeus maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Uswidi. Hata jina la ukoo wao lina kisa. Wakati ule watu wengi wa kijijini Uswidi hawakuwa na jina la ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake, kama ambavyo wengi wetu tunaitwa mpaka leo. Baba yake, Nils, alipokwenda chuo kikuu alitakiwa kuwa na jina la kudumu. Akalitunga kutokana na mti mkubwa uliokuwa kwenye ardhi ya familia, akalipa umbo la Kilatini. Nils alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri na mpenzi wa bustani, na mtoto wake alijifunza majina ya mimea tangu akiwa mdogo.

Shuleni, katika mji wa Växjö, Carl hakung'ara. Walimu walimwambia baba yake kwamba kijana hafai kuwa mchungaji. Inasimuliwa kwamba mzee alifikiria kumtoa shule akajifunze ufundi wa mikono. Aliyemwokoa ni daktari na mwalimu mmoja, Johan Rothman, aliyemchukua nyumbani kwake akamfundisha elimu ya mwili na ya mimea. Mwaka 1727 Carl akaingia Chuo Kikuu cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Huko alikuwa fukara kiasi cha kuziba matundu ya viatu kwa karatasi. Mwaka 1729 mtaalamu mmoja wa dini, Olof Celsius, alimkuta kwenye bustani ya chuo, akashangazwa na ujuzi wake wa mimea, akampa chumba na chakula. (Huyu ni baba mdogo katika ukoo wa Anders Celsius, yule wa kipimo cha jotoridi. Usiwachanganye kwenye mtihani.)

Mwaka 1732 alitumwa na chama cha wanasayansi cha Uppsala kwenda Lapland, kaskazini kabisa, peke yake. Safari ilichukua karibu miezi mitano. Njiani aliona taya la farasi kando ya barabara, akawaza kwamba kama angejua meno ya kila mnyama ni mangapi na ya aina gani, na chuchu zake ni ngapi na ziko wapi, angeweza kuwapanga wanyama wote wenye miguu minne katika utaratibu mmoja. Wazo hilo ni la msingi sana, kwa hiyo lisome tena. Wengi kabla yake waliwapanga wanyama kwa ukubwa, kwa makazi, au kwa manufaa yao kwa binadamu. Yeye alitaka kutazama sehemu za mwili ambazo mtu yeyote mwingine, popote alipo, anaweza kuzihesabu na kumsahihisha.

Mwaka 1735 alikwenda Uholanzi kutafuta shahada ya udaktari. Alipitia Hamburg, Ujerumani, ambako aliletewa kitu cha thamani kubwa: joka lenye vichwa saba, limekaushwa, na meya wa mji alikuwa akitafuta mnunuzi. Linnaeus alilichunguza akatamka kwamba ni bandia. Taya na miguu ilikuwa ya vicheche, na mwili ulifunikwa ngozi za nyoka. Bei ya joka ikaporomoka, naye akaondoka mjini haraka kabla hajapatwa na mabaya.

Shahada aliipata Harderwijk kwa muda mfupi, kwa tasnifu kuhusu homa za vipindi, yaani malaria. Alidai chanzo chake ni udongo wa mfinyanzi. Alikosea kabisa. Mwaka huohuo, mjini Leiden, alichapisha Systema Naturae, kitabu cha kurasa 11 tu, ila kubwa sana, kilichopanga madini, mimea na wanyama wote aliowajua.

Alirudi kwao mwaka 1738, akafanya kazi ya udaktari Stockholm, akamwoa Sara Elisabeth Moraea mwaka 1739, na mwaka 1741 akawa profesa Uppsala. Wanafunzi wake aliwasambaza duniani wakusanye viumbe. Kadhaa hawakurudi. Mmoja wao, Peter Forsskål, alifia Yemen mwaka 1763 kwa malaria, ugonjwa uleule ambao mwalimu wake alidhani unatoka kwenye udongo.

Sasa tufike mwaka 1758, ambao lazima uukariri. Mwaka huo lilitoka toleo la kumi la Systema Naturae, na wanazoolojia wamekubaliana kwamba majina ya kisayansi ya wanyama yanaanzia hapo. Kabla ya Linnaeus, jina la kiumbe kwa Kilatini lilikuwa maelezo marefu karibu sawa na sentensi nzima. Yeye aliyakata yakabaki maneno mawili: la kwanza jenasi, la pili spishi. Mimea ilikuwa imetangulia mwaka 1753 katika kitabu chake Species Plantarum. Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa, la spishi kwa herufi ndogo, na ukiandika kwa mkono unapiga mstari chini ya kila neno. Kila mwaka nasahihisha karatasi ambazo mwanafunzi ameeleza vizuri kila kitu, kisha akaandika "Canis Lupus" na kupoteza alama.

Katika toleo hilo aliunda oda ya wanyama wakali wala nyama, na ndani yake akaweka jenasi Canis. Humo alimweka mbwa mwitu, Canis lupus. Mbwa wa nyumbani, Canis familiaris. Mbweha mwekundu, mbweha wa Aktiki, na bweha wa dhahabu, Canis aureus. Mbwa wa nyumbani alimtenga na mbwa mwitu kwa sababu mkia wake hujikunja kuelekea juu. Na pamoja nao aliweka mnyama mwingine ambaye atakushangaza: fisi mwenye miraba. Kwake fisi alikuwa aina ya mbwa.

Usimcheke. Fisi ana sura ya mbwa na mwendo unaofanana. Ni baada ya watu kuchunguza mafuvu, na baadaye vinasaba, ndipo ilipojulikana kwamba fisi yuko karibu zaidi na upande wa paka na nguchiro kuliko wa mbwa. Na mwaka 1820 Mholanzi Coenraad Temminck alifanya kosa hilo kwa kinyume: alipompa jina yule mbwa mwitu wetu mwenye mabaka, alimweka kwenye jenasi ya fisi.

Kuna kosa la Linnaeus ambalo siwezi kulisamehe kirahisi. Katika kitabu hichohicho alimweka binadamu pamoja na nyani katika oda moja, jambo lililohitaji ujasiri. Lakini kisha aliwagawa binadamu katika makundi kwa bara na rangi, akalipa kila kundi tabia. Wazungu aliwapa akili na ubunifu, Waafrika akawapa uvivu na hila. Tabia hizo hakuzipata kwenye meno wala taya. Alizitoa kwenye masimulizi ya wasafiri, na huko akavunja kanuni aliyojiwekea mwenyewe kule Lapland. Watu waliokuja baadaye walizitumia kuhalalisha dhuluma.

Linnaeus alipata kiharusi mwaka 1774, na tarehe 10 Januari 1778 akafariki. Alizikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Mwaka 1784 makusanyo yake yaliuzwa na mjane wake kwa Mwingereza James Edward Smith, na hadi leo yako London.

Kazi ya kuwapanga mbwa mwitu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Wataalamu waliomfuata waliongeza jina la tatu, la nususpishi, kwa wanyama wa spishi moja wanaotofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Mbwa mwitu wa Arabuni, anayeishi pia Oman, ni Canis lupus arabs, mdogo wa umbo. Wa Aktiki ni Canis lupus arctos, mwenye manyoya meupe. Wa Meksiko ni Canis lupus baileyi. Yule wa kisiwa cha Honshu, Japani, Canis lupus hodophilax, ametoweka; wa mwisho anayejulikana kwa uhakika alipatikana mwaka 1905. Majina yaliongezeka mno. Mwaka 1944 Amerika Kaskazini peke yake ilihesabiwa kuwa na nususpishi zaidi ya 20, na mwaka 1995 Ronald Nowak, baada ya kupima mafuvu, akazipunguza hadi 5.

Unaweza kuuliza, hesabu hii inamhusu nani? Tazama mbwa mwitu mwekundu wa Marekani, Canis rufus. Mwaka 1980 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 1987 waliozalishwa kwenye mabanda wakaanza kurudishwa North Carolina. Wapinzani walidai kwamba huyu si spishi, ni chotara wa mbwa mwitu na koyote, kwa hiyo sheria ya kulinda spishi zilizo hatarini haimhusu. Swali la darasani likawa swali la uhai. Mwaka 2019 jopo la taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani lilipitia ushahidi na kuhitimisha kwamba ni spishi halali. Huko Ethiopia nako kuna Canis simensis wa milimani. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa jamaa wa mbweha, hadi vinasaba vilipoonyesha kwamba ni ndugu wa karibu wa mbwa mwitu. Wamebaki mia chache tu. Undugu huo ndio unaomponza: mbwa wa nyumbani humwambukiza kichaa cha mbwa na tena huweza kuzaana naye.

Vinasaba vimepangua mengine pia. Yule mnyama mkubwa wa zamani ambaye mifupa yake imejaa kwenye lami za Rancho La Brea, California, aliitwa Canis dirus kwa zaidi ya karne moja. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa ukoo wake ulijitenga mamilioni ya miaka iliyopita, akahamishiwa jenasi Aenocyon. Kuhusu mbwa wa nyumbani, wataalamu bado hawajaafikiana. Wengine wanamwandika Canis familiaris kama Linnaeus, wengine Canis lupus familiaris. Ukiulizwa, taja yote mawili na useme sababu.

Na sasa nyumbani. Serengeti na Ngorongoro kuna mnyama wa rangi ya manjano iliyofifia ambaye vitabu vya zamani vinamwita bweha wa dhahabu, Canis aureus, kana kwamba ni yuleyule wa Asia aliyepewa jina na Linnaeus. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba huyu wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu na koyote kuliko na bweha wa Asia. Sasa anaitwa Canis lupaster, mbwa mwitu wa dhahabu wa Afrika. Kwa hiyo atakayekwambia Tanzania haina ndugu wa karibu wa yule wa kijivu, mwonyeshe aya hii.

Jambo la mwisho ni mabano, ambayo vijana wengi huyaruka. Jina kamili la kisayansi hufuatwa na aliyelitoa na mwaka. Kama spishi bado iko kwenye jenasi ileile aliyoiweka yeye, jina lake halizungushiwi mabano. Kama imehamishwa, linazungushiwa. Fisi mwenye miraba huandikwa Hyaena hyaena (Linnaeus, 1758). Mbweha mwekundu ni Vulpes vulpes (Linnaeus, 1758). Mbwa mwitu wetu mwenye mabaka ni Lycaon pictus (Temminck, 1820). Yule wa kijivu huandikwa Canis lupus Linnaeus, 1758, bila mabano.