Mtakatifu Monika, Mama Aliyemfuata Mwanawe

Wazazi wengi Wakristo wamebeba mzigo usioonekana kwa macho: mtoto waliyemlea katika sala ameiacha dini, wala haambiliki. Kwa ajili yao Kanisa limemweka mbele Mtakatifu Monika, ambaye sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti. Yafaa tuyatazame maisha yake yote, hata makosa yake, maana hakuzaliwa mkamilifu.

Monika alizaliwa yapata mwaka 332 mjini Tagaste, Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Hata hivyo, alipokuwa msichana alizoea kuonja divai kila alipotumwa kuiteka pipani, na kidogo kidogo kuonja kukawa kunywa. Siku moja mjakazi aligombana naye, akamtukana kuwa mlevi. Neno lile lilimchoma moyo, akaacha mara moja.

Aliolewa na Patrisi, mtu asiye Mkristo, mkarimu lakini mwepesi wa hasira, tena asiye mwaminifu katika ndoa. Monika hakushindana naye alipowaka; alingoja apoe, ndipo alipomweleza neno lake. Mwishowe Patrisi mwenyewe aliomba ubatizo, akafa Mkristo.

Mwana wao Augustino alizaliwa mwaka 354. Alikuwa na akili nyingi, na wazazi wote wawili walitamani sana asome. Alipofika umri wa miaka 16, Monika alimwonya juu ya uasherati, lakini hakutaka aoe upesi, akiogopa ndoa isije ikakatiza masomo. Elimu ikatangulia, roho ikangoja. Augustino aliyaandika hayo baadaye katika kitabu chake cha Maungamo, bila kumficha mama aliyempenda.

Basi kijana alikwenda Karthago. Huko alikaa na mwanamke bila ndoa, akapata mtoto, Adeodatus. Mnamo mwaka 373 akawafuata Wamani, wazushi waliofundisha kwamba uovu ni nguvu ya milele ishindanayo na Mungu. Kwanza Monika alikataa kukaa naye nyumbani na kula naye mezani. Kisha aliota ndoto iliyomwonyesha mwanawe amesimama pale pale aliposimama yeye, akampokea tena. Alimwendea pia Askofu mmoja, akimsihi ajadiliane na kijana. Askofu alikataa, maana kijana hakuwa tayari kufundishwa. Alimtaka mama aendelee kusali.

Mwaka 383 Augustino aliazimu kwenda Roma. Monika alimng'ang'ania pwani asimwache. Mwana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu. Mama alikesha akisali katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriani, na usiku ule ule merikebu ikatweka. Asubuhi akabaki akilia ufuoni. Alikuwa amemwomba Mungu aizuie safari ile, na Mungu hakuizuia. Kumbe ndiyo safari iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, ambaye mahubiri yake yalimfungua macho! Mungu alimnyima Monika ombi la usiku mmoja, ili ampe ombi la miaka yote.

Monika naye alivuka bahari, akamfuata Milano. Huko alikwenda na chakula makaburini mwa mashahidi, kama ilivyokuwa desturi Afrika. Alipoambiwa kwamba Ambrosi amekataza, alitii bila manung'uniko. Yeye aliyetamani mwanawe atii, alitii kwanza.

Usiku wa Pasaka mwaka 387 Ambrosi aliwabatiza Augustino na Adeodatus. Mwaka huo huo, wakiwa bandarini Ostia wakingoja kurudi Afrika, Monika alishikwa na homa, akafa akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Zamani alitamani sana azikwe kando ya mumewe. Sasa hakujali atazikwa wapi, bali aliomba akumbukwe altareni. Augustino alirudi Afrika, akawa Askofu wa Hippo na Mwalimu wa Kanisa.

Enyi wazazi, Monika alikosea pale alipoiweka shule mbele ya roho ya mtoto. Lakini alipotambua hatari hakukaa akijilaumu, wala hakumkatia tamaa mwanawe. Alisali, alimfuata, alingoja. Mwenye mtoto aliye mbali leo, asiufunge mlango wa nyumba yake, wala asiifunge sala yake.