Mwenda Jean-Bosco: vidole viwili vilivyopeleka gitare ya Katanga mbali

Lubumbashi, Haut-Katanga – Kabla orkestra za gitare za umeme hazijashika miji yetu, mutu mmoja na gitare yake ya mbao alitosha kukusanya watu. Hapa Katanga, mutu huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, makao ya wafalme wa Bayeke tangu wakati wa Msiri. Akiwa kijana aliishi Jadotville, leo Likasi, mji ambako kazi za migodi zilileta watu wa makabila mengi. Kiswahili njo kilikuwa luga ya kuwaunganisha, na Mwenda aliimba katika luga hiyo.

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey alifika Jadotville. Alikuwa Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka inchi nyingi akirekodi muziki. Akarekodi Masanga, wimbo wa kijana wa miaka 22. Kampuni Gallotone ikautoa kwenye sahani, na sahani ikavuka mipaka kabla ya mwenyewe.

Kilichoshangaza ni vidole. Mwenda alitumia viwili tu vya mkono wa kuume: gumba na kile cha kuonyeshea. Gumba lilitembeza sauti nzito za chini, kile kingine kikapiga za juu. Asiyemwona alizani wapigaji ni wawili. Mwanzo wa miaka ya 1960, David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu huko London, aliandika muziki huo kwa noti, vile wanaandika ule wa violoni na selo. Alionyesha namna Mwenda alikuwa anageuza wimbo akiupiga.

Karibu na wakati huo Mwenda aliishi Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake ku redio. Wapiga gitare wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza.

Lakini hakutegemea gitare peke yake. Alifanya kazi ya benki na ya Gécamines, akaongoza orkestra hapa Lubumbashi, akawa pia na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Safari kubwa zilitengana miaka mingi: mwaka wa 1969 alipiga Newport, Marekani, mwaka wa 1982 akaenda Ujerumani, mwaka wa 1988 akarekodi tena huko Cape Town, akirudilia nyimbo zake za ujana.

Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 alikufa katika ajali ya gari huko Zambia. Alikuwa na miaka karibu 60.

Mpaka leo, wageni wa Ulaya na Marekani wanajifunza Masanga kidole kwa kidole bila kuelewa maneno yake. Kijana wa Mokambo au wa Bunkeya hana shida hiyo: maneno ni ya Kiswahili chetu. Kwake, kazi iliyobaki ni ya vidole tu.