Mobutu na saratani ya tezi dume

Wakazi wa Kasulu wenye umri mkubwa wanaukumbuka mwaka 1996. Ndipo Wakongo waliokimbia vita walipovuka Ziwa Tanganyika na kupokewa katika kambi ya Nyarugusu. Wakati huo rais wao alikuwa Ulaya, akitibiwa saratani ya tezi dume.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala, Oktoba 14, 1930. Baba yake, mpishi, alifariki mtoto akiwa na miaka minane. Alisoma shule za misheni, akaingia jeshi la wakoloni wa Kibelgiji, kisha akawa mwandishi wa habari. Novemba 1965 alitwaa madaraka. Mwaka 1971 aliibadilisha Kongo jina kuwa Zaire, na mwaka uliofuata akajiita Mobutu Sese Seko. Kofia yake ya ngozi ya chui ilijulikana duniani kote, na kwao Gbadolite alijijengea makasri.

Agosti 1996 alifanyiwa upasuaji Lausanne, Uswisi. Desemba alirudi Kinshasa akiwa dhaifu, huku waasi wa Laurent-Désiré Kabila wakisonga mbele. Mei 1997 alikimbia nchi. Septemba 7 mwaka huohuo alifariki Rabat, Morocco, akiwa na miaka 66. Fedha zilimpatia madaktari wa Uswisi, lakini hazikumponya.

Saratani hii mwanzoni mara nyingi haina dalili. Zikija, hufanana na za tezi iliyokua tu bila saratani: kuamka usiku kukojoa, mkojo kutoka kwa shida au kukatikakatika. Hata kipimo cha damu cha PSA huweza kupanda kwa yote mawili.

Kinachoamua ni kinyama. Daktari huchukua vipande vidogo vya tezi kwa sindano, na maabara huvitia rangi na kuviangalia kwa hadubini. Ikibaki shaka, hutafutwa protini maalumu. Vijitezi visivyo na saratani huzungukwa na safu ya seli za nje zenye protini iitwayo p63. Kwenye saratani safu hiyo hupotea. Protini nyingine, AMACR, kwa kawaida huongezeka kwenye saratani. Hakuna inayotosha peke yake, hivyo mtaalamu huzisoma pamoja.

Basi mzee wa Kibondo au Kasulu anayesumbuliwa na mkojo asikae nyumbani kwa aibu, akidhani ni uzee tu. Aanzie hospitali ya wilaya. Akichukuliwa kinyama, afuatilie majibu mpaka ayapate, na aulize kama shaka imeondolewa. Tezi iliyokua bila saratani hutibika kwa dawa au upasuaji, na saratani iliyogundulika mapema inaweza kupona.

Wanaume wazungumze na daktari kuhusu vipimo wafikapo miaka 50. Ambaye baba au kaka yake aliugua asisubiri umri huo. Aanze akiwa na miaka 40 hadi 45.