Walter Plowright na Chanjo ya Sotoka
Ng'ombe wanaolishwa leo chini ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, hawaijui sotoka, maradhi yaliyofyeka mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaachia wafugaji njaa. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923. Akiwa Muguga, nchini Kenya, alivikuza virusi vya sotoka katika chembe za figo za ndama takribani mara 90, kazi ya subira kubwa, hadi vikapoteza makali. Baadhi ya chembe za kinga za ng'ombe hubeba kingamwili juu yake. Hizo zilivinasa virusi hivyo dhaifu, zikazaliana na kuhifadhi kumbukumbu. Dozi moja ikatosha maisha yote. Plowright alifariki dunia Februari 2010. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.