Louis Rwagasore wa Burundi na Fitina ya Jirani

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyetawala Burundi chini ya Wabelgiji. Alisoma Astrida, kisha Antwerp katika Ubelgiji. Aliporejea hakuridhika kukaa barazani pa baba yake, bali aliwaendea wafanya biashara, na mwaka 1957 akawaundia ushirika. Wengi walioshikamana naye walikuwa Waislamu wasemao Kiswahili wa mtaa wa Buyenzi mjini Usumbura. Yeye hakuwa Mwislamu, lakini uadilifu haufichiki.

Novemba 1959 fitina ikawaka Rwanda. Wahutu wakawaondokea Watutsi, watu wa Mwami wa huko nao wakalipiza, nyumba zikachomwa, na waliookoka wakavuka mipaka hawana kitu. Habari zikafika Burundi pamoja na wakimbizi wenyewe. Rwagasore akashika njia iliyo kinyume cha hiyo: katika chama chake, UPRONA, akawakalisha Mhutu na Mtutsi jamvi moja, akiwaita katika umoja na uhuru usio na damu. Wabelgiji hawakumpenda, Oktoba 1960 wakamzuia nyumbani, na chama chake kikashindwa katika uchaguzi wa mitaa.

Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA kikapata viti 58 katika 64. Hapa ndipo mtu apimwapo, kwani aliyeshindwa husubiri kwa kukosa nguvu, bali mshindi anao uwezo wa kulipiza. Rwagasore akawataka wafuasi wake watulie, wasiufanye ushindi ule kuwa wa chama juu ya chama, bali wa amani na utaratibu.

Uwaziri mkuu wake haukupita wiki mbili au tatu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa hotelini Usumbura, Mgiriki Jean Kageorgis akampiga risasi akafa, umri wake miaka 29. Nyuma ya mwuaji walikuwako wapinzani wake wa ukoo wa kifalme. Kageorgis akauawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine wakanyongwa Januari 1963.

Jamvi lile likakunjwa. UPRONA kikagawanyika kwa kabila. Damu ikamwagika mwaka 1965, na mwaka 1972 jeshi likawaua Wahutu maelfu kwa maelfu, wengine wakakimbilia Kigoma. Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, wakaja tena kwa miguu, wazee na watoto, hata Kibondo, na kambi ya Kanembwa ikawapokea.