Otenyo Nyamaterere: Shujaa wa Mkuki

Abagusii wa Kisii na Nyamira humkumbuka Otenyo Nyamaterere kwa tendo moja: kumchoma mkuki mtawala Mwingereza mwezi wa Januari 1908. Ili kulielewa tendo hilo, yafaa kuanzia kwenye chuma chenyewe.

Otenyo alitoka katika jamii iliyojitengenezea zana na silaha. Abagusii waliyeyusha mtapo wa chuma uliopatikana katika ardhi yao, wakafua majembe, mikuki na mapambo. Uhunzi ulikuwa kazi ya wanaume, na mhunzi hodari alitajirika na kuheshimiwa. Kijana wa enzi hiyo aliposhika mkuki, alishika matunda ya ufundi wa watu wake.

Ufundi huo ulipata mtihani mwaka 1905, majeshi ya Waingereza yalipoingia Gusii. Wapiganaji wenye mikuki na ngao walikabiliana na bunduki ya rashasha, na wengi wakaangamia. Mwaka 1907 kituo cha utawala kilianzishwa Getembe, ulipo mji wa Kisii, chini ya G. A. S. Northcote. Moraa Ng'iti, mganga na mbashiri wa Kitutu, aliwahimiza vijana wakatae kutawaliwa. Otenyo aliuitikia mwito huo. Alimvizia Northcote njiani, akamchoma. Northcote alijeruhiwa lakini akapona. Kati ya 1937 na 1941 alikuwa Gavana wa Hong Kong.

Kisasi kilikuwa kikali. Nyumba ziliteketezwa, ng'ombe wakatekwa, na watu wakauawa kwa wingi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni, akayalalamikia mauaji hayo kutoka London. Otenyo naye alikamatwa, akauawa. Masimulizi ya Abagusii yanashikilia kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wapo waliodai kirejeshwe.

Ukoloni haukumwondoa shujaa peke yake. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalienea, na tanuri za kuyeyushia mtapo zikapoa moja baada ya nyingine. Jina la Otenyo limesalia vinywani mwa watu, ilhali wahunzi walioipa jamii yake mikuki na majembe hawasimuliwi pamoja naye. Anayemwenzi shujaa huyo hana budi kuwaenzi na hao, kwani ujasiri wa mkono wake ulitanguliwa na jasho la mafundi waliovukuta moto.